Tony Greig hakuvuliwa unahodha kwa ajili ya mdomo wake

Wapenzi wengi wa kriketi husimulia kwamba Tony Greig, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeiongoza Uingereza, aliponzwa na mdomo wake. Kweli, mwaka 1976 aliiambia televisheni kwamba atawatambaza kwa magoti West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi. Mzungu wa Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, akiwasema hivyo wachezaji weusi! Viv Richards na Michael Holding, nyota wa West Indies, wakamjibu uwanjani: West Indies walishinda mfululizo wa mechi 3-0. Pale The Oval, uwanja wa London, Greig mwenyewe alitambaa kwa mikono na magoti mbele ya mashabiki wa West Indies, nao wakacheka.

Lakini unahodha hakunyang'anywa. Majira ya baridi yaliyofuata aliipeleka timu India, ikashinda mechi 3 kati ya 5, kazi ngumu kuliko watu wanavyokumbuka.

Kilichomwangusha ni mkataba. Mei 1977 ilifichuka kwamba alikuwa akimsaidia kimyakimya tajiri wa televisheni wa Australia, Kerry Packer, kusajili wachezaji kwa mashindano yake binafsi. Hapo ndipo wakubwa wa kriketi ya Uingereza walipompa unahodha Mike Brearley. Greig aliendelea kuchezea Uingereza kiangazi kile, chini ya Brearley huyohuyo.