Nyuso za Noble Johnson
Kila ninapoanza kufundisha historia ya filamu, huonyesha The Most Dangerous Game ya 1932 na kuwaambia wanafunzi wamkazie macho Ivan, lile pande la mtu lenye ndevu, Mrusi asiyesema neno. Ikiisha nawaambia: huyo alikuwa Mmarekani mweusi. Wengi huomba nirudishe nyuma waangalie tena.

Ni Noble Johnson, mzaliwa wa Missouri, 1881, aliyekulia Colorado Springs pamoja na Lon Chaney, aliyekuja kuwa nyota wa filamu bubu, na kuwajua farasi vizuri mno. Ndiye chifu wa kisiwa katika King Kong (1933), ndiye mwana wa mfalme wa India katika The Thief of Bagdad (1924), na mwaka 1949 bado alikuwa chifu wa Wahindi Wekundu, juu ya farasi.

Aliwezaje? Sehemu ya jibu imo ndani ya mkanda wenyewe. Mikanda iliyotumika sana enzi ya filamu bubu haikuihisi rangi nyekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, buluu ikatoka nyeupe. Mzungu mwenye mashavu mekundu alionekana ana mabaka, kwa hiyo waigizaji walipakwa rangi nzito kabla ya kusimama mbele ya kamera. Ngozi ya mtu haikuonekana hasa. Kilichoonekana ni kile alichopakwa asubuhi ile. Johnson alikuwa maji ya kunde, mrefu, mwenye kifua, basi studio zikampaka taifa lolote zilipolihitaji.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa jambo la 1916. Yeye na nduguye George, mfanyakazi wa posta Omaha, walishiriki kuanzisha Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya filamu ya watu weusi. Katika filamu yao ya kwanza Johnson ni mhandisi kijana aliyehitimu Tuskegee, chuo cha watu weusi huko Alabama, anayekwenda California kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta. Hakupakwa utaifa wa mtu mwingine! Watazamaji weusi walimpenda kiasi kwamba filamu za Lincoln zilianza kushindana na zile alizoigiza studio ya Universal, na Universal ndiyo iliyokuwa ikimlipa mshahara. Mwaka 1918 akajiuzulu Lincoln.

Filamu zote tatu alizoigiza Lincoln zimepotea. Ivan tunaye mzima, tangu mwanzo hadi mwisho.