Kurekebisha Pua: Sindano Si Upasuaji Mdogo

Wengi wanaokuja kwangu wakitaka kurekebisha pua huwa wameshaamua jambo moja kabla hata ya kuketi: hawataki kisu. "Daktari, nichome ile sindano tu." Nawaelewa. Sindano haihitaji nusukaputi, kazi yenyewe huchukua dakika chache, na mtu anaweza kurudi kwenye shughuli zake siku hiyo hiyo. Kinachonisumbua ni dhana iliyomo ndani ya ombi hilo, kwamba sindano ni upasuaji uleule, ila umepunguzwa makali. Hizi ni tiba mbili tofauti, kila moja ina pua inazozifaa, na hatari zake hazifanani.

Kinachochomwa kwa kawaida ni jeli ya asidi ya hialuroniki, dutu ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Jeli hujaza. Haipunguzi kitu. Mwenye nundu kwenye mwamba wa pua nitamjazia juu na chini ya nundu, na akitazamwa upande mstari utaonekana umenyooka, ingawa kwa kweli pua imeongezeka kidogo. Mwamba uliolala unaweza kuinuliwa kwa njia hiyo hiyo, na kishimo kilichobaki baada ya upasuaji wa zamani kinaweza kufukiwa. Lakini anayetaka pua ndogo, mabawa membamba au njia ya hewa iliyofunguka, sindano hiyo haina la kumpa. Matokeo hudumu kati ya miezi 6 na 18 hivi, kisha jeli huyeyuka. Kuna pia sindano ya botoksi kwa wale ambao ncha ya pua hushuka wanapotabasamu. Hulegeza msuli unaoivuta, kwa miezi mitatu au minne.

Sasa tuje kwenye hatari, na hapa naomba usome taratibu. Mishipa ya damu ya pua imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, nguvu ya kusukuma bomba la sindano inaweza kuirudisha nyuma hadi kwenye mshipa wa jicho, kisha damu huibeba mpaka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Upofu unaotokana na hapo mara nyingi haurudi nyuma. Ikiziba mishipa ya ngozi, kipande cha ncha ya pua kinaweza kufa na kuacha kovu. Ni tukio la nadra, lakini pua na sehemu iliyo kati ya nyusi ni miongoni mwa maeneo ya uso yenye hatari kubwa zaidi. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haijaidhinisha kijazio chochote (jeli ya kujazia kama hii) mahsusi kwa pua. Madaktari wanaokitumia hapo hufanya hivyo kwa dhamana ya utaalamu wao.

Kwa hiyo muulize anayetaka kukuchoma: je, hialuronidezi iko ndani ya chumba hiki? Hiyo ndiyo dawa inayoyeyusha jeli, na ngozi ikianza kuwa nyeupe ghafla, ikifanya mabaka ya zambarau yenye umbo la wavu, au maumivu yakizidi yale uliyoambiwa utarajie, inatakiwa mara moja. Uoni ukififia ni dharura ya hospitali, na hapo kila dakika ina thamani. Asiye na dawa hiyo, au asiyejua ateri zinapita wapi, asikuguse pua, hata saluni yake iwe safi namna gani. Silikoni ya maji ikatae kabisa. Haina kiyeyusho, na kuitoa baadaye ni kukata nyama. Na kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa pua, sema kabla hujachomwa, kwa sababu makovu huhamisha mishipa na kuibana, na hatari hupanda.

Upasuaji una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Maandishi ya Kihindi yanayohusishwa na tabibu Sushruta yanaeleza, tangu kale, jinsi ya kumjengea pua mtu aliyeipoteza, na mwaka 1597 daktari Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, Italia, alichapisha njia yake ya kutumia ngozi ya mkono. Kazi ilikuwa kujenga. Kupunguza pua nzima kwa ajili ya sura kulikuja mwishoni mwa karne ya 19, kwa John Orlando Roe huko Marekani na Jacques Joseph huko Berlin, na kwa miongo mingi madaktari walikata mno. Gegedu, ile tishu ngumu lakini nyumbufu inayoipa pua umbo, ikiondolewa kupita kiasi, kuta za pua hukosa nguzo na kunywea mtu anapovuta hewa. Ndiyo maana leo wengi wetu tumerudi kwenye kujenga: tunahifadhi gegedu, tunaipanga upya, na inapopungua tunachukua nyingine kwenye ukuta wa kati wa pua, sikio au ubavu.

Hili lina uzito wa pekee kwa wenye ngozi nene na gegedu laini. Ngozi nene haishuki kufuata kilichopunguzwa chini yake. Inabaki juu kama shuka juu ya kitanda kilichoondolewa godoro. Ukikata, ncha inakuwa duara lisilo na umbo. Pua ya namna hiyo huhitaji nguzo imara zaidi ndani. Daktari anayekuahidi kuikata tu hajakutazama vizuri.

Jambo jingine ninalopima kabla ya sura ni pumzi. Vuta shavu kando kwa kidole, uvute hewa kwa pua. Ukihisi umefunguka ghafla, huenda sehemu nyembamba ya njia ya hewa imebana, na mpango wowote wa upasuaji lazima uizingatie.

Ninaomba pia picha zilizopigwa kutoka umbali wa mita moja na nusu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba selfi iliyopigwa kutoka sentimita 30 huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya umbali huo. Na kama mtu anatumia saa nyingi kwa siku mbele ya kioo kwa kasoro ambayo wengine hawaioni, nitamwelekeza kwanza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kisu hakitamtuliza.

Baada ya upasuaji banzi hukaa kama wiki moja, na weusi chini ya macho huisha kwa wiki mbili hivi. Miwani isiegemee kwenye pua kwa wiki nne hadi sita. Sigara na nikotini ya aina yoyote ziachwe wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa kuwa hubana mishipa midogo ambayo ngozi inaitegemea ili ipone. Usiache aspirini kwa uamuzi wako, zungumza kwanza na aliyekuandikia.

Umbo la mwisho huonekana baada ya mwaka, na kwenye ngozi nene huweza kuchelewa zaidi. Pua ya mwezi wa pili bado imevimba, hasa kwenye ncha, kwa hiyo anayeichukia wakati huo namwomba asubiri. Marekebisho ya pili siyafanyi kabla ya miezi 12, isipokuwa pumzi imeziba au kuna maambukizi. Na yeyote aliyewahi kuchomwa jeli aje na karatasi inayoonyesha ni aina gani na lini, kwa sababu lazima iyeyushwe kwanza na uvimbe utulie, nijue pua ninayoifanyia kazi ni ipi.