Fidia ya bioanuwai si kupanda mikoko ukapiga picha

Skuhizi hoteli ikipanda mikoko ikapiga na picha basi tunaambiwa "imefidia bioanuwai". Jamani, hapana. Kwa ufupi, fidia ya bioanuwai (yaani ya viumbe wa kila aina na makaazi yao) ni pale mradi umeshaharibu makaazi ya viumbe sehemu fulani, halafu mwenye mradi anagharamia kurejesha au kulinda makaazi ya aina ileile sehemu nyengine, kwa kiasi kinachopimika, mpaka pengo lizibike. Ndo hivo tu.

Tatizo langu ni hapo kwenye "aina ileile", manake watu wanachanganya na fidia ya kaboni, ile ya hewa ya ukaa. Kaboni ni rahisi, tani ilotoka kwenye ndege inayotua Unguja na tani ilofyonzwa na mikoko ya Gazi kule Kenya zote ni hewa ileile. Viumbe sivo. Ukifyeka msitu wa maweni upande wa mashariki wa Unguja ukenda kupanda mikoko Maruhubi, paa nunga atafaidika na nini, yeye kwake ni vichaka vya juu ya jiwe, mikokoni atafanya nini? Na popo wa Pemba hapatikani pengine duniani, sasa ukimmaliza Pemba utamfidia wapi. Halafu hiyo mikoko yenyewe wengine wanaichomeka juu ya majani ya bahari, pale ambapo kina mama wanaokota chaza, likija bamvua miche inakwenda zake na majani yameshakanyagwa, yaani hasara juu ya hasara.

Na fidia haiji mwanzo. Sie tunaijua fidia ya funga, mzee asoweza kufunga anatoa kibaba kwa kila siku, lakini kijana mzima hawezi kula mchana akasema ntatoa kibaba. Huku nako ni hivohivo, kwanza uepuke kuharibu, ukishindwa upunguze, kisha urejeshe palepale, kilobaki ndo ukifidie. Hata IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, masharti yake ya 2012 yamepanga hivo, na kama eneo ni muhimu sana kwa viumbe adimu hairidhiki na kuziba pengo, inataka viumbe wale waongezeke. Kwa hiyo ni sharti la mkopo, si ihsani ya tajiri.

Chumbe pia, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, nasikia watu wanaiita fidia, na siyo. Pale mwamba umefungwa kwa uvuvi tangu 1994 na pesa za wageni ndo zinazolipa walinzi, ni biashara inayogharamia uhifadhi, haikuharibu kwengine ikawa inalipa deni (ingawa na yenyewe ina mtihani wake, wageni wakikosekana kama wakati wa korona, walinzi watalipwa na nini).

Basi hoteli ikipanda mikoko tuseme imechangia, na miche ikishika tushukuru. Ikisema imefidia, tuiulize kwa upole tu: imefidia kipi, kilikuwa kiasi gani, na nani alohesabu kabla hawajafyeka.