Kadi nyekundu ya dakika 20 si msamaha

Tangu kadi nyekundu ya dakika 20 ianze kutumika katika mechi za kimataifa za raga, sisi tunaoketi kwenye vikao vya nidhamu husikia lalamiko lile lile: mmewalegezea kamba wanaoumiza wenzao. Naomba tuelewane.

Kilichopunguzwa ni mzigo wa timu. Mchezaji aliyetolewa harudi tena. Baada ya dakika 20 anaingia mwenzake wa akiba. Kumbukeni fainali ya Kombe la Dunia, Oktoba 2023. Nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alimkaba Jesse Kriel wa Afrika Kusini, yaani alimvaa ili amwangushe, lakini juu mno, kichwa kikagongwa. Kadi yake ya njano, ya kukaa nje dakika kumi, ikapandishwa kuwa nyekundu, wenzake wakamaliza wakiwa 14, na Afrika Kusini ikashinda 12-11. Kwa utaratibu wa sasa wangerudi kuwa 15. Anayecheza rafu kwa makusudi na kwa hatari kubwa bado huiacha timu yake pungufu hadi kipenga cha mwisho.

Adhabu ya mchezaji mwenyewe haijaguswa. Rafu yoyote iliyogusa kichwa huanzia angalau ngazi ya kati ya adhabu: kwa kukaba kwa hatari, mechi sita. Akikiri kosa, rekodi yake ikiwa safi na akiheshimu kikao, kamati inaweza kupunguza hadi nusu. Ndivyo Cane alivyopata mechi tatu. Anayekubali mafunzo maalumu ya kukaba anaweza kupunguziwa mechi moja zaidi. Na aliyefungiwa hachezi popote: si klabu nyingine, si nchi nyingine, si raga ya wachezaji saba. Kila msimu kuna anayejaribu, kisha anashangaa adhabu ikiongezeka.

Sasa hili la "hakukusudia". Nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na halitoshi. Refa haanzi na nia. Anauliza kama kichwa kiliguswa, kama palikuwa na kosa, na hatari ilikuwa kubwa kiasi gani. Mkabaji aliyekuja wima, bila kuinama, amekosa hata kama ana moyo wa malaika. Nafuu ipo, kwa mfano mwenye mpira akishuka ghafla kabla ya kugongwa. Hapo nyekundu inaweza kuwa njano. Mshtuko wa ubongo haujali nia ya mtu, na ndiyo sababu hatutaacha kutoa kadi hizi hata uwanja mzima ukizomea.

Kwa viongozi wa vilabu: njooni kikaoni na ratiba halisi. Adhabu huhesabiwa kwa mechi ambazo mchezaji angecheza kweli. Mechi ya kirafiki iliyopangwa haraka Jumatano ili kumalizia kifungo haitahesabiwa, na atakayekuja na barua ya namna hiyo atarudi nayo.