Pakiti mbili, dawa moja? Maswali ya kwenye kaunta ya kemisti, Kisumu

Maswali haya hutujia karibu kila siku hapa Kondele, mengi kutoka kwa watu waliotoka tu Russia (ndivyo bado tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga) wakiwa na karatasi ya daktari na pesa zisizotosha.

Daktari ameandika Norvasc, lakini mnanipa amlodipine ya bei ya chini. Si mnanipunja?

La. Amlodipine ndiyo dawa yenyewe inayoshusha presha. Norvasc ni jina ililopewa na kampuni ya Pfizer. Geuza pakiti ya Norvasc utaliona neno amlodipine hapo hapo, kwa herufi ndogo. Inayouzwa na kampuni nyingine baada ya hapo ndiyo tunayoiita jeneriki. Wengi wetu huomba Panadol, tukapewa parasetamoli ya kampuni nyingine, kichwa kikatulia, na hatukurudi kulalamika.

Basi mbona bei zinapishana hivyo?

Mvumbuzi hupewa hataza, yaani haki ya kuiuza dawa yake peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu alipoiomba. Ikiisha, wengine huingia sokoni bila mzigo wa utafiti wa mwanzo, wakashindana kwa bei. Sisi wa huku ziwani tulilijua jambo hili kwa uchungu. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi ziliwahi kugharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuuza mseto wa dawa tatu kwa dola 350. Mwaka huo huo Bunge letu likapitisha sheria ya mali ya viwanda iliyorahisisha kuingiza dawa za bei nafuu. Anayedharau jeneriki aulize majirani zake wanaishi kwa dawa gani.

Lakini nasikia jeneriki ni feki.

Feki ni jambo jingine kabisa. Mwenye kutengeneza dawa bandia huweza kuiga jina lolote, hata lile kubwa. Jeneriki halali husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na dawa kama hii ya kumeza hutakiwa kuonyesha kwamba inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya kwanza.

Chukua dawa ya malaria, AL (artemether na lumefantrine). Coartem ni AL ya Novartis, na ziko za makampuni mengine. Kinachowaangusha wagonjwa mara nyingi si jina la kampuni. Mtu mzima anatakiwa ameze vidonge 24 (vile vya miligramu 20/120) kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Yeye anameza kwa chai ya rangi, tumbo tupu, na siku ya pili akipata nafuu anaziweka zilizobaki kabatini.

Mama amepewa vidonge vya rangi tofauti na vya mwezi jana. Ameze?

Rangi na umbo hutokana na kampuni na vitu inavyochanganya kwenye kidonge. Si dawa yenyewe. Ninachohofia mimi ni kingine. Mama ana Norvasc iliyobaki nyumbani, zahanati inampa amlodipine, naye anameza zote mbili asubuhi akidhani ni dawa tofauti. Presha inashuka kupita kiasi, anapata kizunguzungu, miguu inavimba. Zimwage zote mezani, usome lile jina la herufi ndogo na miligramu zake. Majina yakifanana, usimwache ameze zote. Zilete zote tuziangalie.

Kuna zisizofaa kubadilishwa ovyo?

Zipo, chache. Za kifafa kama phenytoin na carbamazepine, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na levothyroxine ya tezi ya shingo: kipimo kikipishana kidogo tu mwili unahisi. Ukizoea ya kampuni moja, kaa nayo, na ikikosekana mwambie daktari kabla ya kubadilisha. Vidonge vinavyoachilia dawa polepole navyo visibadilishwe bila kuuliza, wala visivunjwe.

Nikija kwenu niseme nini?

Uliza tuna za kampuni ngapi na kila moja ni pesa ngapi. Usione haya. Bora ile ya bei nafuu utakayoweza kununua kila mwezi kuliko ya jina kubwa utakayomeza wiki mbili ukaacha.