Je, wajua kwa nini redio ya gari la Japani inaishia 90?

Gari limefika. Limeshushwa melini Dar es Salaam, likapita Kibiti, Somanga, Nangurukuru, Lindi mjini na Mingoyo, na sasa limeegeshwa chini ya mwembe Chikongola, Mtwara, watoto wa jirani wakiligusagusa. Mwenyewe anazungusha ufunguo. Sauti ya mwanamke inasema sentensi moja kwa Kijapani; ni kifaa cha kulipia barabara za tozo za kwao, kinaarifu kwamba kadi yake haimo. Kisha anawasha redio na kubonyeza kitufe cha kutafuta stesheni. Namba zinakimbia kwenye kioo kidogo: 76, 80, 85, 89.9, 90. Halafu zinarudi 76 na kuanza upya. Mzunguko mzima imeshika stesheni moja, labda mbili. Kitochi cha mlinzi wa duka la jirani kinashika nyingi kuliko hiyo.

Ukiuliza kijiweni, jibu linatoka kabla hujamaliza swali: "Antena hiyo, kaka." Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Nilinunua antena mpya, ndefu, nikafungiwa juu ya paa, na siku ya kwanza nilishawishika kabisa kwamba ile stesheni moja imekuwa safi zaidi. Zilizobaki hazikuonekana. Nikaambiwa basi waya wa antena umekatika ndani ya nguzo ya mlango, nao ukabadilishwa. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu tulikuwa tunatibu mguu wa mtu anayeumwa jino.

Antena haichagui stesheni. Kazi yake ni kupokea mawimbi yote yanayoigonga, makubwa kwa madogo, na kuyapeleka kwenye redio kwa waya mmoja. Ni kweli urefu wake una maana: hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa robo ya urefu wa wimbi. Lakini piga hesabu. Katikati ya masafa ya FM ya Japani, yaani kundi la namba ambamo stesheni zao zimo, robo ya wimbi ni kama sentimita 90. Katikati ya masafa yetu ni kama sentimita 77. Tofauti haifiki shubiri moja. Antena iliyotengenezwa kwa ajili ya Osaka inapokea stesheni zetu bila taabu; zinafika hadi nyuma ya redio, zinasimama mlangoni, na redio haifungui.

Wengine husema ni umbali, kwamba Mtwara iko pembezoni. Lakini gari hilohilo likiwa Kariakoo, katikati ya minara yote ya Dar es Salaam, namba bado zinaishia 90. Wengine husema redio imefungwa na inahitaji nywila au kadi ya ramani. Zipo redio za namna hiyo, hasa zile zenye ramani, zinazogoma kabisa betri ikichomolewa au kadi ikipotea. Hilo ni tatizo jingine. Redio inayowaka, inayocheza diski na kushika stesheni moja haijafungwa. Wala si mbovu. Inafanya kazi yake yote kama ilivyoagizwa kiwandani, kwa nchi nyingine.

Japani ilitenga masafa ya megahezi 76 hadi 90 kwa redio za FM; megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde. Sisi, pamoja na Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa nini Wajapani waliishia 90? Kwa sababu juu ya hapo palikuwa na watu. Chaneli ya 1, ya 2 na ya 3 za televisheni yao ya analojia zilikaa kati ya 90 na 108, mahali hasa ambapo kwetu wanakaa watangazaji wa redio. Televisheni hiyo ilizimwa tarehe 24 Julai 2011, isipokuwa katika mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko la mwaka huo, Iwate, Miyagi na Fukushima, ambako ilizimwa Machi 2012. Baadaye nafasi ya 90 hadi 95 ikafunguliwa kwa redio. Ndiyo maana baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana redio inayofika 95, na mwenye gari anadhani kapata redio nzuri zaidi, kumbe kapata tu kipande cha ziada.

Kwa hiyo eneo ambalo redio ya Kijapani na stesheni zetu zinakutana ni kutoka 87.5 hadi 90, yaani megahezi 2.5 kati ya 20.5 tulizonazo. Ile stesheni moja au mbili inayosikika imo humo.

Sasa ekspenda. Ni kiboksi kama kiberiti kinachokaa kati ya antena na redio, nacho ndicho kilichonifanya niandike haya, maana kinafanya jambo la ajabu kwa utulivu mkubwa. Wengi wanadhani ekspenda inapanua redio, kwamba baada ya kuifunga redio itafika 108. Haipanui chochote. Redio inabaki na 76 hadi 90 yake. Ekspenda inashusha stesheni ziingie humo.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu hesabu hii tunaifanya kila siku tukitazama saa. Mshale unaonyesha 8, sisi tunasema saa mbili. Unaonyesha 11, tunasema saa tano. Tunatoa 6 na wala hatujui kama tunatoa. Na dakika? Dakika hatuzigusi. 8 na dakika 25 inakuwa saa mbili na dakika 25. Ekspenda ya 14, yaani inayotoa megahezi 14, hufanya hivyohivyo: stesheni ya 102 inaitoa 14, redio inaipokea kama 88. Stesheni ya 95.3 inakuwa 81.3. Kile kilicho kama dakika ndicho kinachobeba sauti: katika FM, maneno na muziki vimo katika mtikisiko mdogo wa wimbi, linapanda na kushuka kidogo kuizunguka namba yake. Likifika 102.05 kwa nukta ya sekunde, baada ya kutolewa 14 linafika 88.05. Mtikisiko ni uleule. Ndiyo maana mtangazaji hageuki sauti na kinanda hakibadiliki, ingawa stesheni nzima imehamishwa nyumba.

Lakini wimbi linatolewaje 14? Hakuna kikokotoo humo ndani. Kuna kipande kidogo cha kristali kinachotetemeka bila kukosea, mara milioni 14 kwa sekunde. Fikiria ngoma mbili uwanjani. Mmoja anapiga mapigo 10 kwa muda fulani, mwenzake anapiga 8. Ukisikiliza vizuri utasikia kitu cha tatu ambacho hakuna anayekipiga: mapigo yao yanakutana na kuachana mara 2 katika muda huo. Mbili ni tofauti ya 10 na 8. Mfano wa ngoma unaishia hapo, maana ngoma mbili zinasikika tu pamoja, ilhali ndani ya ekspenda mawimbi mawili yanapitishwa kwenye kifaa kinachoyazidisha moja kwa jingine, na ile tofauti inazaliwa kuwa wimbi kamili linaloweza kusafiri kwenye waya. Inazaliwa na jumla pia: 102 na 14 ni 116. Huko hakuna redio ya gari inayosikiliza, basi inapotea.

Ujanja huu ni wa zamani. Mmarekani Edwin Armstrong aliujengea redio nzima mwaka 1918, na ni yeye huyohuyo aliyeleta FM katika miaka ya 1930. Redio yako ya gari inaufanya tena ndani yake kwa kila stesheni unayoisikiliza. Kwa hiyo stesheni ya 102 kwenye gari lenye ekspenda inahamishwa mara mbili kabla hujaisikia.

Ukishajua kwamba ni hesabu ya kutoa, mapungufu yake yanaonekana yenyewe. Dirisha la redio lina upana wa megahezi 14, stesheni zetu zimetandazwa kwenye 20.5. Ekspenda ya 14 itakupa 90 hadi 104, na kilicho juu ya 104 hakimo. Ya 18 itakupa 94 hadi 108, na unapoteza kuanzia 90 hadi 94. Hakuna ekspenda ya hesabu moja inayoleta zote, hata muuzaji akiapa. Kabla ya kununua, tazama namba iliyoandikwa kwenye kiboksi, halafu hesabu stesheni unazozipenda wewe.

Kuna na la mgongano. Stesheni iliyoshushwa kutoka 102 inatua 88. Ikiwa mahali hapo kuna stesheni halisi ya 88 yenye nguvu, inaweza kupenya, na sasa wawili wanagombea kiti kimoja. FM haichanganyi sauti zao kama wanavyochanganyika watu sokoni. Mwenye nguvu zaidi anamfunika mwenzake. Basi unaweza kuondoka Shangani ukisikiliza taarabu, ukakaribia Mikindani, na bila kugusa kitu ukajikuta kwenye mahubiri, namba kwenye kioo ikiwa ileile.

Kwa hiyo mwenye uwezo wa kubadilisha redio yenyewe, nashauri abadilishe. Na jambo la kwanza la kuuliza dukani ni masafa, kabla hujauliza ukubwa wa kioo. Redio nyingi mpya zina sehemu ya kuchagua eneo. Ikiachwa kwenye Japani, umerudi kulekule 90. Ikiachwa kwenye Marekani, itafika 108 lakini kwa hatua za 0.2 zinazoishia namba za witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Stesheni ya 92.4 itarukwa kila mara, nawe utarudi kulaumu antena. Weka Ulaya.

Kuhusu wati, boksi likiandika 50 kwa kila spika, usilipie zaidi kwa ajili ya namba hiyo. Kwa volti 12 hadi 14 za gari, redio isiyo na amplifaya yake pembeni hutoa kama 20 kwa spika ya kawaida.

Vipimo navyo ni vya kuangalia. Redio ya kioo kikubwa ya kawaida ina upana wa milimita 180, lakini Toyota nyingi zina tundu la milimita 200. Ukifunga bila fremu unabaki na mwanya wa milimita 10 kila upande, na kwa vumbi la barabara ya Newala, mwanya huo si wa urembo tu.

Katika ufungaji, simama karibu na fundi kwenye nyaya tatu. Wa njano unatoka kwenye betri moja kwa moja, unalisha kumbukumbu. Mwekundu unapata umeme ufunguo ukizungushwa tu. Zikibadilishana, redio inawaka vizuri na fundi anaondoka, lakini kila ukizima gari saa na stesheni zote zinafutika. Nimeona mtu akirudisha redio dukani mara mbili kwa kosa hilo, na tiba yake ilikuwa dakika tano na tepu ya umeme. Omba atumie plagi ya kuunganishia inayolingana na gari, ili waya wa asili wa Toyota usikatwe.

Waya wa tatu ni wa bluu. Magari yenye antena iliyochorwa kwenye kioo cha dirisha yana kiongeza nguvu kidogo kinachohitaji umeme kutoka kwenye redio, nao hupitia huo. Ukiachwa ukining'inia, redio mpya itasikika kwa mikwaruzo hata katikati ya mji. Hapo, kwa mara ya kwanza, yule wa kijiweni atakuwa amekaribia ukweli.

Ekspenda ya zamani nayo itolewe, isiachwe njiani, maana itaendelea kushusha stesheni ambazo redio mpya inazitafuta mahali pake. Kisha, kabla ya kumlipa fundi, zima gari, toa ufunguo, subiri kidogo, washa. Stesheni ziwepo. Panda hadi juu ya 104, usikilize. Subiri tangazo la kituo, mtangazaji ataje namba yake, nawe utazame kioo uone kama ni ileile aliyoitaja.