Je, wajua kwa nini, katika mchezo wa kuigiza wa mezani, zimwi linalowatoa jasho wachezaji wanne huanguka upesi mbele ya wanane?

Mwendesha mchezo mgeni huandaa pambano la zimwi moja kwa marafiki wanne, na likamwendea vizuri. Mmoja anajeruhiwa, mwingine anamvuta nyuma, na zimwi linaanguka wakati mezani wameshaanza kuingiwa na hofu. Safari inayofuata wanakuja wanane. Anajiambia kwamba watu wamekuwa maradufu, basi pambano litakuwa jepesi maradufu. La hasha, linakuwa jepesi mara nne.

Mchezo ninaouzungumzia ni Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Watu huketi mezani, kila mmoja akiigiza mhusika wake, na mwendesha mchezo husimulia yanayotokea na kuwachezea maadui. Dadu huamua nani amepata na nani amekosa.

Tuchukue takwimu za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014. Zimwi lina pointi 59 za uhai na kinga ya 11, yaani dadu ya anayelishambulia pamoja na nyongeza yake lazima ifike 11 ndipo pigo lilipate. Mpiganaji wa ngazi ya 2 mwenye nyongeza ya 5 akirusha dadu ya pande 20 anahitaji 6 au zaidi ili alipate, yaani atalipata mara tatu kati ya nne. Upanga wake hupimwa kwa dadu ya pande 8 na nyongeza ya 3, kwa hiyo kila pigo linalofika lina wastani wa pointi 7.5. Ukijumlisha na mapigo yanayokosa, mchezaji mmoja anachangia kama pointi 5.6 kwa zamu. Wanne wanatoa 22.5 kwa raundi, yaani kila mmoja akishapata zamu moja, na zimwi linakufa kwenye raundi ya tatu. Wanane wanatoa 45, na zimwi linakufa raundi ya pili kabla nusu ya wachezaji hawajafikiwa na zamu.

Sasa geukia upande wa zimwi. Lina zamu moja tu kwa raundi, waje wanne au waje wanane. Rungu lake likimfikia mtu humwondolea wastani wa pointi 13, lakini mtu mwenye kinga ya 16 hulikwepa karibu nusu ya mara, hivyo kila zamu yake ina thamani ya pointi 7 hivi. Mbele ya wachezaji wanne litawaondolea takriban 18 kabla ya kufa. Mbele ya wanane muda wake wa kuishi umekatwa nusu, kwa hiyo litaondoa takriban 9, na hizo 9 ni za kugawana watu wanane badala ya wanne. Nusu ya nusu ni robo.

Jambo hili lina historia nje ya meza. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alichapisha kitabu kuhusu ndege vitani, akaonyesha kwamba pale ambapo kila askari anaweza kumlenga adui yeyote kutoka mbali, nguvu ya jeshi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Jeshi lenye watu mara mbili lina nguvu mara nne. Alitenga pia hali ya pili, ile ya mapigano ya ana kwa ana ambamo watu hukabiliana mmoja kwa mmoja. Humo nguvu hukua sawasawa na idadi, bila kuongezeka kupita hapo. Tofauti hii ya pili itatufaa baadaye kidogo.

Kosa ambalo wageni wengi hulifanya ni kumkuza adui. Wanaona zimwi limekufa upesi, basi safari ijayo wanaleta jitu. Hapo ndipo wahusika hufa, na ningependa kila anayeanza alielewe hili mapema, kwa sababu linauma kumwona rafiki akipoteza mhusika aliyempenda kwa pigo moja ambalo halikuwa kosa lake. Wachezaji wakiongezeka, nguvu ya kikundi hukua, lakini mwili wa kila mmoja haukui. Mchawi wa ngazi ya 2 ana pointi 14 hivi za uhai, awe na wenzake watatu au saba. Jitu la milimani hupiga mara mbili kwa zamu, na kila pigo lina wastani wa pointi 18. Pigo moja linatosha kumlaza chini. Vitabu vyenyewe hupima ukali wa kila kiumbe kwa kufikiria kikundi cha watu wanne wa ngazi inayolingana nacho, hivyo namba iliyoandikwa kando ya jina la jitu haikuambii lolote kuhusu wanane wa ngazi ya chini.

Kwa hiyo kinachohitaji kuongezwa ni zamu za maadui, ukali wa kila pigo ukibaki vilevile. Waliobuni toleo la tano walilijua hili. Joka jekundu lililokomaa, kwa mfano, limepewa vitendo vitatu vya ziada ambavyo hulifanyisha kitu zamu ya mchezaji inapokwisha, ili lisikae kimya huku watu wakilizunguka na kulichanja. Mwendesha mchezo anaweza kulipatia hata zimwi la kawaida kitu kama hicho: mara moja kwa raundi, zamu ya mchezaji fulani ikiisha, linamsukuma mtu au linasogea hatua chache. Halihitaji kuwa pigo. Kumtoa mtu mahali alipojipanga kunatosha kuwafanya wote wafikiri upya.

Njia iliyo rahisi zaidi, na ambayo mimi ningemshauri mgeni aanze nayo, ni kulipatia zimwi wasaidizi dhaifu. Liache lilivyo, kisha ongeza vibwengo sita. Kila kibwengo kina pointi 7 za uhai na kinga ya 15, na pigo lake likifika huondoa pointi 5 hivi. Wachezaji wanane wakianza na vibwengo na kulimalizia zimwi mwisho, hesabu inatoa pambano la raundi tatu na kidogo, nao wanapoteza robo hivi ya uhai wao wote. Wale wanne wa kwanza nao walipoteza karibu robo. Pambano limerudi mahali pake, na hakuna adui mpya anayeweza kumlaza mtu mwenye uhai kamili kwa pigo moja la kawaida. Angalizo ni moja: vibwengo sita wakimwandama mtu mmoja atalala, kwa hiyo wagawe. Wawili wamfuate mwenye ngao, wawili wapande juu ya mawe na pinde zao, wawili wavizie mlangoni.

Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 ulikuwa na kanuni yake kwa hili. Unajumlisha pointi za uzoefu za maadui wote, yaani zile ambazo wachezaji hupata kwa kuwashinda, kisha unazidisha kwa kadiri ya idadi yao: wawili kwa 1.5, watatu hadi sita kwa 2, saba hadi kumi kwa 2.5, na kikundi cha wachezaji sita au zaidi kinatumia kizidisho cha daraja moja chini. Mwongozo wa 2024 uliacha kuzidisha huko. Kanuni zote mbili zinafaa kwa kukadiria, ila nikiwa na dakika chache tu za maandalizi ningehesabu zamu: maadui wanapata ngapi kwa raundi, na wachezaji wanapata ngapi. Adui akiwa na zamu moja dhidi ya nane, sihitaji jedwali kujua kitakachotokea.

Sasa turudi kwa Lanchester na ile hali ya pili. Ikiwa nguvu ya wengi inatokana na kila mmoja kuweza kumfikia adui yeyote, basi mahali pa pambano ni silaha ya mwendesha mchezo. Uwanja mpana na tambarare unawapa wanane nguvu yao yote. Daraja la kamba, ngazi za mnara, ujia wa pango ambamo watu wawili tu wanaweza kusimama bega kwa bega, hivi vinawapunguza bila kugusa namba hata moja. Wapiga mishale na wachawi watatafuta upenyo wa kulenga juu ya mabega ya wenzao, na huo nao ni mchezo mtamu. Usifanye hivyo kila mara, maana walio nyuma wasiokuwa na silaha ya mbali watachoka kusubiri. Siku nyingine wape kazi mbili kwa wakati mmoja: wengine wauzuie mlango, wengine wafungue minyororo ya mateka kabla maji hayajajaa shimoni.

Kuna pia suala la kuleta maadui kwa mawimbi. Wachezaji wakifika ngazi ya 5, mchawi anaweza kurusha mpira wa moto unaopimwa kwa dadu 8 za pande 6 na kuwafagia vibwengo wote waliosimama pamoja. Kwenye kikundi kikubwa, uwezekano wa kuwa na mtu wa aina hiyo ni mkubwa. Weka nusu ya maadui ukumbini na nusu nje, waingie raundi ya pili kwa mlango wa nyuma. Amua hilo kabla ya mchezo na utoe dalili: hatua zinasikika juu ya dari, mbwa anabweka uani. Wapo wanaopendelea kubadilisha pointi za uhai za adui kimyakimya katikati ya pambano. Mimi sipendi. Dadu ambayo mchezaji amerusha kwa haki inastahili kuheshimiwa, na wimbi la pili lililotangazwa kwa dalili linaleta hofu ileile bila kumdanganya mtu.

Muda ndio unaoua meza kubwa kuliko zimwi lolote. Kila mchezaji akitumia dakika mbili, wa nane amesubiri robo saa hivi kati ya zamu zake mara tu unapoongeza zamu za maadui. Tumia wastani wa madhara ulioandikwa tayari kwenye maelezo ya kila kiumbe badala ya kurusha dadu. Maadui wanaofanana wape zamu moja ya pamoja, kama kanuni zinavyoruhusu, ingawa vibwengo sita ningewagawa makundi mawili ili wasipige wote kwa mkupuo. Waombe wachezaji warushe dadu ya kulenga na ya madhara kwa pamoja, na mtaje anayefuata kabla zamu ya sasa haijaisha.

Vitabu vya 1974 vilisema kampeni moja, yaani mfululizo wa michezo ya hadithi moja, inaweza kubeba wachezaji 4 hadi 50, mwendesha mchezo mmoja akichukua 20 hivi. Siku hizo kikundi kilikuwa kikimteua msemaji wa kumweleza mwendesha mchezo kile wote walichokubaliana kufanya. Nje ya mapigano utaratibu huo bado unafanya kazi vizuri: wakiwa wanatembea msituni au wanachagua njia panda, muulize mmoja, na wape wengine nafasi ya kupinga kabla hujaendelea.